Soketi Kwanza, Stika Baadaye

Mada iliyo mezani ni hii: familia ya Magomeni au Buguruni imeamua kununua kompyuta ya mezani ya nyumbani. Fedha ipo lakini si ya kuchezea; tuseme laki nane. Mtoto mkubwa yuko kidato cha tatu, mama ana mradi wa keki na hesabu zake zimejaa kwenye daftari lililochanika, baba amechoka kulipia kila karatasi anayochapiwa steshenari. Waingie Kariakoo wakatafute nini? Kati ya Msimbazi na Lumumba wapo wengi walio tayari kulijibu swali hilo kabla hata hujaliuliza, na hapa nimewakusanya wanne: winga, fundi, kijana anayejua kuunganisha mashine, na mama mwenye fedha. Si watu fulani. Ni sauti ambazo yeyote aliyewahi kuulizia bei Mtaa wa Aggrey atazitambua. Nitaziacha ziseme, kisha nitazijibu, maana nina upande wangu na sitaki kujifanya mwenyekiti wa kikao.

Upande wangu ni huu. Kompyuta ya nyumbani katika jiji hili la Dar es Salaam ichaguliwe kuanzia kwenye soketi ya ukutani kuingia ndani: kwanza kinachoupokea umeme, kisha kinachotunza kazi, kisha kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani RAM, na prosesa iwe ya mwisho. Kariakoo inauza kwa mpangilio uliogeuzwa miguu juu. Inaanza na stika ya prosesa iliyobandikwa usoni mwa kasha, na mara nyingi inaishia papo hapo.

WINGA: Karibu mama, karibu bosi wangu. Usihangaike kuzunguka, mzigo wote uko hapa. Hii i7, mtumba wa Uingereza, imetoka ofisini, wazungu hawachakazi vitu. i3 waachie wa steshenari, bosi. i7 ndiyo baba lao. Laki tano na nusu, monita nakupa, kibodi nakupa, mausi nakupa, Windows nimeshapiga. Wewe unabeba tu.

Winga hasemi uongo, na ugumu uko hapo. Mashine kweli ni i7, kweli imetoka Uingereza, na kweli inawaka. Lakini tuielewe kazi yake. Hana duka; anasimama barabarani, anampeleka mteja kwa mwenye mali, na anachoondoka nacho jioni ni cha juu alichopachika kwenye bei. Anayeishi kwa cha juu lazima auze neno linalouzika haraka, na kwenye kompyuta neno hilo ni i7. Tatizo ni kwamba i7 si kipimo cha uwezo. Ni ngazi ndani ya kizazi kimoja. Mwaka 2011 Intel ilitoa Core i7-2600 yenye viini vinne na nyuzi nane. Mwaka 2022 ikatoa Core i3-12100, nayo ina viini vinne na nyuzi nane. Hii inayoitwa ndogo inaiacha mbali ile inayoitwa kubwa katika kila kazi ya nyumbani, na inafanya hivyo kwa wati 60 za kawaida pale ambapo ile ya zamani ilipangiwa wati 95. Kumsifia mtu kwa i7 bila kutaja kizazi ni kama kusema mtoto alishika namba moja darasani ukanyamaza kuhusu ni darasa la ngapi.

Kizazi kinasomeka, na hakihitaji fundi. Kimekaa kwenye tarakimu zinazofuata kistari: i5-4590 ni kizazi cha nne, i5-8500 cha nane, i3-12100 cha kumi na mbili. Muuzaji hutaja herufi na namba ya kwanza akaishia hapo; mnunuzi adai tarakimu zilizobaki. Na kwa sasa mpaka wenye maana ni kizazi cha nane. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na Windows 11, ukiondoa prosesa chache mno, inazikubali rasmi zile za Intel za kizazi cha nane kwenda juu. Kwa hiyo ukiziona Dell OptiPlex 7050 na 7060 zimepangwa bega kwa bega, nyeusi zote, sura karibu moja, ujue kati yao upo ukuta: ya kwanza ilitoka na vizazi vya sita na saba, ya pili na cha nane. Tarakimu moja tu. Kwa HP ukuta huo uko kati ya EliteDesk 800 G3 na G4. Fundi hodari ataweza kukupigia Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha nne kwa njia za panya, na itawaka vizuri tu, lakini Microsoft haikuahidi kuendelea kuipelekea masahihisho ya usalama, na mama wa keki anakusudia kufungulia akaunti ya benki humo humo. (Ipo Linux, ambayo haijali kizazi na haina bei. Kwa anayeandika, anayepiga hesabu na kuperuzi inatosha kabisa, na nashangaa inavyotajwa kwa kunong'onezwa kana kwamba ni dawa ya kienyeji.)

Msomaji makini atanishika shati: umesema prosesa iwe ya mwisho, mbona wewe mwenyewe umeanza nayo? Nimeanza nayo kwa sababu winga ndiye aliyeanza nayo. Na jambo ninalolisema ni kwamba prosesa ina kizingiti, haina ubingwa. Ukishavuka kizazi cha nane, hata kwa i3, umeshapata cha kuandikia, cha kusomea, cha kuangalia video za masomo na cha kuchapishia lebo za keki. Kila shilingi ya ziada inayopanda kutoka i5 kwenda i7 imenyang'anywa sehemu nyingine ya mashine, na sehemu inayonyang'anywa kila siku ni ile isiyokuwa na stika.

FUNDI: Mimi sibishani na stika. Mashine ikiletwa kwangu imezima kabisa, naanza na pawa saplai kabla sijagusa kingine. Umeme umekatika saa mbili usiku, umerudi, umekatika, umerudi kwa nguvu, basi. Mteja ananiambia, fundi, CPU imekufa. Namwambia, haijafa mzee wangu, kilichokufa ni kilichokuwa kinailinda.

Tulitazame kidogo neno hilo. Hapa mjini kasha zima linaitwa CPU, kuanzia bati la nje hadi skrubu ya mwisho. Mtu anabeba CPU begani, anaifunga CPU nyuma ya bodaboda, CPU inaingia maji. Jina la kipande kimoja kidogo kuliko kiganja limepewa boksi lote, na nadhani ndiyo maana hakuna anayeuliza boksi lina nini kingine. Ndani yake, kwenye kona ya nyuma, kuna sanduku la bati lenye feni. Hiyo ndiyo pawa saplai. Inaupokea umeme wa volti 230 na kuushusha hadi volti 12, 5 na 3.3 ambazo mazabodi, diski na feni zinakula. Kila kilichomo kinakula kwenye sufuria hiyo moja. Mpishi akikosea, nyumba nzima inaumwa tumbo.

Pawa saplai mbovu haijifichi sana kwa anayeitafuta. Iinue. Yenye chuma cha kupozea, koili na kapasita za kutosha huwa na uzito. Iliyoandikwa wati 500 lakini nyepesi kama kopo tupu la maziwa imedanganya, na itaungama siku umeme ukirudi kwa kishindo. Tazama pia nyuma. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu yenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Mashine iliyotoka Marekani huja imewekwa 115, kwa sababu umeme wa kwao ndio huo. Ukiichomeka ukutani Ilala bila kuigeuza swichi hiyo utasikia mlio kama baruti, halafu harufu, halafu utakuwa unamtafuta fundi. Kucha ya kidole gumba inatosha kuigeuza, lakini lazima uwe umeiona.

Hapa huja pingamizi ambalo siwezi kulipuuza. Watu wanasema: hayo ni mambo ya enzi za mgawo, sasa Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa na megawati 2,115, umeme upo wa kumwaga, UPS, hiyo betri ya akiba ya kompyuta, ya nini tena? Ni kweli tangu mtambo wa kwanza ulipoingiza umeme kwenye gridi Februari 2024 hali ya uzalishaji ilibadilika, na anayebisha hilo anabisha jua. Lakini megawati zinajibu swali la kama umeme unatosha nchini. Kompyuta inauliza swali jingine: umeme unaofika kwenye soketi hii umekaaje? Kati ya Rufiji na chumba cha mtoto kuna njia ndefu, kuna transfoma ya mtaa, kuna nguzo, kuna waya zilizounganishwa kila nyumba ilipoongeza mpangaji, kuna kiyoyozi cha jirani na mashine ya kuchomelea ya yule fundi wa mageti. Kila moja inaweza kuuyumbisha umeme kwa sekunde moja, na sekunde moja inatosha. Dada mwenye saluni anayeweka kinga kwenye friji yake ya soda hajawahi kuambiwa kwamba bwawa limemwondolea haja hiyo, wala hakuuliza.

Kwa hiyo kwenye laki nane, UPS si nyongeza ya kuombea mwenye duka akupe ukishalipa. Ni kipuri cha kwanza. Ndogo za kawaida huandikwa 650 VA, na hapo mnunuzi asichanganye VA na wati. Mara nyingi uwezo wake halisi ni kati ya wati 360 na 390, nayo ni ya kutosha. Ndani kuna betri ya volti 12 yenye amp-saa 7, yaani wati-saa 84. Kwa mashine na monita zinazokula wati 80, ukitoa kinachopotea njiani, utapata kama nusu saa betri ikiwa mpya na pungufu kadiri inavyozeeka. Nusu saa haitoshi kumaliza insha. Inatosha kuihifadhi na kuzima kwa adabu. Betri hiyo itachoka baada ya miaka miwili au mitatu, mapema zaidi kwenye chumba chenye joto la Dar, na ikichoka hubadilishwa yenyewe, si UPS nzima.

Soketi ina hesabu nyingine ambayo winga haitaji kwa sababu hailipwi kwake: LUKU. Mashine kubwa ya zamani na monita yake ikila wati 120 kwa saa sita kila siku, mwezi unaisha ikiwa imekula uniti 21 na nusu hivi. Mashine ndogo ya ofisi ya kizazi cha nane ikila wati 50 pamoja na monita, itakula uniti 9. Kwa bei ya karibu shilingi 350 kwa uniti, tofauti ni zaidi ya shilingi 4,000 kwa mwezi, kama elfu hamsini kwa mwaka, na mashine hizi hukaa nyumbani miaka mitano. Ile i7 ya bei nzuri ina cha juu kingine kinacholipwa kidogo kidogo.

KIJANA: Kaka, mimi sikuelewi wewe na mtumba wako. Nunua vipande vipya, unganisha mwenyewe. Kasha la kawaida, mazabodi ya kawaida, pawa saplai ya kawaida. Kikifa kimoja unatoa unaweka kingine. Hizo Dell na HP za ofisini pawa saplai yake ina umbo lake peke yake na plagi zake peke yake. Ikifa, unahangaika nayo mji mzima. Na ukitaka kuweka kadi ya grafiksi ucheze magemu, kasha halifunguki hata kwa maombi.

Kijana ana haki, na pointi yake ya plagi ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizosemwa dhidi yangu. Ni kweli OptiPlex na EliteDesk nyingi hazifuati vipimo vya kawaida. Mazabodi ya moja haiingii kwenye kasha la nyingine, na zile nyembamba hupokea kadi fupi tu. Nikidai kwamba kipuri cha kuanzia ni pawa saplai, halafu nikashauri mashine ambayo pawa saplai yake haipatikani popote, nitakuwa nimejikanyaga. Lakini "popote" ya kijana ni ya kwenye makaratasi. Kariakoo na karakana zinazoizunguka zina kitu ambacho kitabu cha vipimo hakikionyeshi: mashine za aina ile ile zilizokufa. Mashine za ofisini huletwa kwa wingi na kwa kufanana, na moja ikiungua mazabodi, pawa saplai yake, RAM yake na feni yake hunyofolewa na kurithiwa na nyingine. Kipuri kisicho cha kawaida kwa dunia kinakuwa cha kawaida kwa mtaa. Kinyume chake, mazabodi mpya ya kisasa iliyoletwa moja moja inafuata kila kipimo, na ikifa, mwenzake hayuko jijini. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi kabla ya kununua ni moja: mashine za namba hii unazo ngapi zilizokufa? Akicheka akakuonyesha rundo chini ya meza, umepata jibu zuri.

Nchi hii ina kumbukumbu ya kununua mashine bila kuuliza swali hilo. Kompyuta ya kwanza ya serikali, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia mwaka 1974 serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa hesabu kuigharimu mno na kuifanya itegemee wataalamu kutoka nje. Marufuku hiyo huchekwa siku hizi kama ushamba wa enzi za Ujamaa. Mimi siichekei sana. Kuifungia kompyuta mlango lilikuwa kosa, lakini kilio kilichotangulia kosa hilo kilikuwa cha haki: chombo ambacho hapa hakuna wa kukifungua kinaendelea kuwa cha aliyekiuza.

Pale ambapo kijana anapotea ni kwenye bei, na hasa RAM. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM duniani imepanda kwa fujo kwa sababu viwanda vinahudumia kwanza vituo vya data vya akili unde. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake iliyokuwa ikiuzia watu wa kawaida. Anayenunua vipande vipya analipa bei ya leo kwa kila kipande. Anayenunua mashine ya ofisi anapata RAM iliyolipiwa na kampuni ya Manchester miaka saba iliyopita. Achukue yenye gigabaiti 16 akiipata, 8 akikosa, na ahakikishe inabaki nafasi tupu ya kuongezea. Asinunue RAM ya kuongeza bila kujua kama nafasi hiyo ni ya DDR3 au DDR4, maana haziingiliani, na aliyeilazimisha moja kwenye nyumba ya mwenzake amevunja zote mbili. Kuhusu magemu, sina la kubishana. Anayenunua kwa ajili ya kucheza amfuate kijana, aongeze fedha, na mjadala huu haumhusu.

Ila nimwonye kila anayeapa kwa jina la kampuni, mpya au mtumba. Kati ya Mei 2003 na Julai 2005 Dell iliuza kompyuta milioni 11.8 zilizokuwa hatarini kuharibika kutokana na vipuri vibovu. New York Times iliandika habari hiyo mwaka 2010 kutoka kwenye nyaraka za mahakamani, na waliosifika kwa ugonjwa huo walikuwa OptiPlex wenyewe, kapasita zikivimba vichwa na kuvuja kwenye mazabodi. Jina halikuziokoa. Kapasita yenye vichwa bapa, isiyovimba, isiyo na ute wa kahawia, ni ushahidi bora kuliko jina, na inaonekana kwa macho mara kasha likifunguliwa.

MAMA: Mmesema yote. Lakini nyinyi ni wanaume wa mashine, mimi natoka na pochi yangu. Kwanza, kwa nini nisichukue laptopu? Ina betri yake, umeme ukikatika haijali. Pili, hata nikikubali maneno yenu, nitajuaje pale kaunta kwamba ninachoonyeshwa ndicho ninachouziwa?

Swali la kwanza la mama linanigusa penyewe. Nimesema tuanze na soketi; laptopu imeshaanza na soketi, kwa sababu betri yake ni UPS iliyojengewa ndani, na inakula umeme mdogo kuliko zote. Ingekuwa ni laptopu mpya, ningesalimu amri. Lakini kwa laki nane mama atapewa mtumba, na kwenye laptopu ya mtumba sehemu iliyochoka kuliko zote ni hiyo hiyo betri inayompendeza. Kibodi yake ikimwagiwa chai inafungua kaburi. Ya kompyuta ya mezani unainunua nyingine bei ya chipsi kuku. Skrini ikipasuka, bei yake inakaribia nusu ya mashine. Na kitu kimoja kikiweza kubebwa kwenye mkoba, kitabebwa, na nyumbani watoto watabaki na chaja. Bado, kama familia imepanga chumba kimoja na umeme wao hukatika kila jioni, achukue laptopu na amwambie muuzaji aiwashe bila chaja kwa robo saa mbele yake. Sitamfuata kumlaumu.

Swali la pili ndilo kiini cha mjadala, kwa sababu sifa njema ya kipuri haina faida kama haikaguliki mahali kinapouzwa. Na bahati nzuri vile nilivyovitanguliza ndivyo vinavyokaguliwa kwa urahisi. Mashine iwashwe ikiwa imepoa, isiwe imeshawashwa kumsubiri mteja. Mama abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja; itafunguka Task Manager, na kwenye ukurasa wa utendaji ataona jina kamili la prosesa na tarakimu zake zote, RAM ni ngapi na inatumia nafasi ngapi kati ya zilizopo. Atazame saa kwenye kona. Ikisoma mwaka wa zamani, betri ndogo ya mazabodi, ile bapa kama sarafu, CR2032, imekufa. Si hasara kubwa, ni kitu cha bei ndogo, lakini isipobadilishwa kila umeme ukikatika saa itarudi nyuma na tovuti za benki zitamkatalia kuingia, naye atadhani ni mtandao.

Kisha diski, na hapa tusiharakishe. Diski ngumu ya kawaida ni sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika na mkono unaotafuta, kama santuri. Kila ombi la kusoma mahali papya linagharimu kama sekunde moja ya mia. Haionekani ni kitu, ila Windows ikiwaka inatoa maombi kama hayo kwa maelfu, na ndiyo maana mtu anawasha mashine, anaenda kuchemsha chai, anarudi bado inazunguka. SSD haina sahani wala mkono. Ombi lile lile inalijibu kwa sehemu ndogo sana ya muda huo. Mashine ya kizazi cha nane yenye i3 na SSD itaonekana ya juzi mbele ya i7 yenye diski ngumu, na yeyote anayetaka kubisha aziwashe mbili kwa pamoja kaunta na ahesabu. Lakini SSD nayo ina umri. Programu ndogo ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ambayo mama anaweza kutoka nayo nyumbani kwenye flashi, inasoma saa ambazo diski imefanya kazi tangu izaliwe. Mwaka mzima usio na kuzima una saa 8,760. Diski inayosoma saa 26,000 imekesha miaka mitatu, hata kama boksi lake linang'aa. Na ikijitangaza ni ya terabaiti moja kwa bei ya kutupa, ajaribu kuijaza, kwa sababu zipo zinazojiandika ukubwa zisizonao na faili zikizidi zinafutana zenyewe kwa zenyewe.

Mwisho adai risiti ya EFD yenye namba ya mashine, si kikaratasi cha mkono chenye neno "kompyuta". Najua atajibiwa nini: bei ya risiti ni nyingine. Mashine za EFD zipo nchini tangu 2010 na ugomvi wake haujaisha. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja, na kodi na risiti vilikuwa kwenye orodha ya malalamiko. Wana hoja zao. Ila mnunuzi asiye na karatasi hana ushahidi wa dhamana, na ile wiki moja ya "ikisumbua irudishe" hukaa kichwani mwa winga, ambaye wiki ijayo anaweza kuwa anauza viatu Mtaa wa Kongo.

WINGA: Mama, mbona unanichunguza kama uhamiaji? Nimekwambia mashine nzima.

MAMA: Sijakataa, mwanangu. Ya i7 iweke pembeni. Ile 7060 ya i5 ni shilingi ngapi bila monita, monita ninayo? Na UPS ile pale juu ya kabati inauzwa au ya duka?

WINGA: Inauzwa, mama yangu, kila kitu kinauzwa.

MAMA: Haya. Nifungulie hilo kasha nilione la ndani.

Winga anageuka nyuma ya duka. "Oya, bisibisi iko wapi?"